Siku Moja Isecheno: Ushauri kwa Anayeishi Ugenini

Katika mji wa Kakamega wapo watu wengi ambao kwao si pale. Yupo Mganda aliyevukia Busia akifuata biashara, Mtanzania anayesoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Mkongo anayeshona suti karibu na soko, Mkenya wa Pwani aliyeletwa na uhamisho wa serikali. Wengi hufika, hupata chumba, hujua njia ya kazini na njia ya sokoni, na miaka miwili ikapita. Siku wanaporudi makwao wakaulizwa Kakamega kukoje, hueleza habari za kodi ya nyumba, bei ya nyanya na mvua ya alasiri. Msitu uliolipa jina la Kakamega umaarufu duniani, ulio kama kilomita 20 tu kutoka stendi, hawakuukanyaga.

Si uvivu. Anayeishi ugenini ana hesabu zake: pesa za kutuma nyumbani, Jumamosi ya kufua, woga wa kuongezewa bei kwa sababu ya lafudhi, na ile fikra kwamba utalii ni mambo ya Mzungu mwenye kofia na kamera shingoni. Fikra hiyo ndiyo ya kuondolewa kwanza. Siku ya matembezi Isecheno haihitaji gari la kukodi wala hoteli. Inahitaji kuamka mapema, viatu vinavyoshika ardhi, pesa kidogo zilizopangwa, na uamuzi wa kwenda mahali pamoja na kutulia hapo.

Msitu ulio mbali na ndugu zake

Isecheno ni kituo cha msitu upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, katika eneo la Shinyalu, nchi ya Waisukha ambao ni sehemu ya Waluhya. Msitu mzima ulitangazwa rasmi mwaka 1933. Mwaka 1967, sehemu mbili za ndani, Isecheno na Yala, zikatengwa kuwa hifadhi za asili zenye ulinzi zaidi. Eneo lililotangazwa lina takriban kilomita za mraba 240, ingawa msitu wenyewe wa asili ni mdogo kuliko hapo, kwa kuwa sehemu nyingine ni nyasi, miti ya kupandwa na vichaka vilivyoota baada ya ukataji wa miaka mingi.

Kinachoufanya msitu huu uwe wa pekee nchini Kenya ni ukoo wake. Ni kipande cha mashariki cha ile misitu mikubwa ya mvua inayoanzia Guinea, Afrika Magharibi, ikapita bonde la Kongo na kuingia Uganda. Miti yake mingi, ndege, vipepeo na nyoka wake ni jamaa za wale wa Budongo, Mabira na Ituri kuliko za wale wa Mlima Kenya au Shimba Hills. Ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, na katikati yao pamejaa mashamba, shule na masoko. Kwa hiyo mgeni wa Uganda au wa mashariki ya Kongo anayeingia Isecheno asijione hana la kusema. Mti ambao Waluhya huuita mutere ndio ule ule unaoitwa musizi nchini Uganda. Pale Isecheno upo mmoja mkubwa kuliko wenzake, na waongozaji wameupa heshima ya mzazi: wanauita Mama Mutere. Mtu wa Hoima akisimama mbele yake anaweza kuutambua kabla ya mtu wa Nairobi.

Mtanzania naye, au mtu wa Pwani, ana lake: Kiswahili. Watu wengi wanaofika hapa kutoka mbali huongozwa kwa Kiingereza. Mwenye Kiswahili anaweza kuomba aongozwe kwa lugha hiyo, na matembezi yakageuka mazungumzo. Mwongozaji atataja jina la mti kwa Kiluhya, mgeni ataeleza kwao unaitwaje na unatumika kwa nini, na kila mmoja ataondoka na jambo jipya.

Mahali pamoja, siku moja

Kosa la kawaida la mtu mwenye siku moja tu ya mapumziko ni kutaka kumaliza kila kitu. Kakamega ina vishawishi vingi. Kwenye barabara ya Kisumu, pale Ilesi, lipo jiwe refu liitwalo Ikhongo Murwi, ambalo watu hulitaja kwa jina la jiwe linalolia, kwa sababu maji huteremka kutoka juu yake kama machozi shavuni. Yapo mapigano ya mafahali ya Waisukha na jirani zao Waidakho, yanayofanyika asubuhi na mapema huku umati ukikimbia pamoja na ng'ombe. Ipo ngoma ya Isukuti, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Na upo upande wa kaskazini wa msitu, Buyangu, wenye maporomoko ya mto Isiukhu.

Anayejaribu kuyaona yote kwa siku moja hurudi na picha za barabara. Ushauri wa makala hii ni mgeni achague Isecheno, aipe saa sita au saba, na abakize kituo kimoja kifupi cha njiani wakati wa kurudi. Msitu hauonekani kwa mtu anayepita mbio. Dakika 20 za kwanza mgeni huona ukuta wa majani tu. Baada ya saa nzima macho huanza kutenganisha: hili ni jani linalotikiswa na upepo, lile linatikiswa na mkia.

Hapa pana onyo la kweli kwa mgeni. Msitu wa Kakamega una milango miwili inayosimamiwa na mashirika mawili. Buyangu, kaskazini, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na njia yake ni ile iendayo Webuye na Kitale. Isecheno, kusini, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na njia yake ni ile ya Kisumu, kisha Shinyalu. Mgeni anayemwambia mwendesha bodaboda “nipeleke msituni” anaweza kujikuta upande asioukusudia, na nauli imeshaliwa. Ataje jina: Isecheno.

Matayarisho ya usiku wa kuamkia safari

Miezi ya Desemba hadi Machi mwanzoni ndiyo mikavu kidogo, lakini neno “mkavu” lisimdanganye mtu. Msitu huu hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua nyingi hushuka mchana na alasiri. Aprili na Mei ndiyo miezi ya matope hasa. Kwa hiyo mwezi wowote ule, asubuhi ndiyo ya kutembea na alasiri ndiyo ya kurudi.

Begi liwe dogo. Chupa mbili za maji, ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha, koti la mvua, mfuko usiopitisha maji wa kukingia simu, na soksi ndefu. Soksi si mapambo. Siafu hukata njia za Isecheno kwa misururu, na aliyesimama juu ya msururu akitazama nyani juu ya mti hutambua kosa lake wakati wameshafika gotini. Suruali ndefu ikichomekwa ndani ya soksi, siafu wengi hubaki nje. Viatu vya mvua, yale mabuti ya mpira ambayo wakulima wa huko huvaa kila siku, ni bora kuliko raba nyeupe.

Darubini ikipatikana ya kuazima, iazimwe. Ndege wa Isecheno hukaa juu sana, na bila darubini shorobo mkubwa wa buluu huwa kivuli tu, ilhali ni ndege mwenye ukubwa wa jogoo, kishungi cheusi na mdomo wa manjano na nyekundu.

Kitambulisho kisisahaulike. Viingilio katika maeneo ya serikali hutofautishwa kwa uraia na ukaazi, na asiye na hati ya kuthibitisha anakoishi anaweza kutozwa kama aliyetoka ng'ambo jana. Mwanafunzi abebe kadi ya chuo pamoja na pasipoti, mfanyakazi abebe kibali chake. Siku moja kabla ya safari, mgeni aulize mambo matatu: kiingilio ni kiasi gani kwa mtu wa hali yake, malipo hufanywa kwa njia gani, na mwongozaji hulipwa kwa saa au kwa njia. Malipo hayo ni mawili na huenda mahali pawili: kiingilio ni cha msitu, ada ya mwongozaji ni ya mwongozaji. Kila malipo yana risiti yake. Anayejua hilo mapema hatanung'unika langoni akidhani anatozwa mara mbili. Simu yenye salio la M-Pesa na noti ndogo ndogo za bodaboda na za sokoni zitatatua mengine.

Kakamega ni eneo la malaria pia. Anayetoka nyanda za baridi kama Limuru au Njombe na kuja kwa muda mfupi amwone mfamasia au daktari kabla ya safari, na apake dawa ya mbu hasa akipanga kulala.

Njiani

Anayeanzia mjini awe stendi saa kumi na mbili asubuhi. Matatu hufuata barabara ya Kisumu hadi Khayega, kama kilomita 10, kisha hukata kushoto kuelekea Shinyalu. Kutoka Shinyalu hadi Isecheno ni kilomita tano au sita, na hapo chombo ni bodaboda. Wageni wa Uganda wataliona jina hilo kama la nyumbani, na hawakosei: inasimuliwa kwamba lilizaliwa Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, boda hadi boda. Bei ikubaliwe kabla ya mguu kupanda, kofia ya kujikinga iombwe, na namba ya simu ya mwendeshaji ichukuliwe ili aje tena alasiri. Mwendeshaji mmoja wa kwenda na kurudi ni nafuu kuliko kusubiri msituni mvua ikikaribia.

Salamu ifunguliwe kwa neno “mulembe”. Ni neno la amani kwa Waluhya, na mgeni anayelitamka kwa mzee aliyekaa kibarazani hupewa jibu refu kuliko alilotarajia. Wazee waitwe mzee na mama kama inavyopasa, na vijana wa bodaboda wasiitwe “wewe”. Mambo hayo ni madogo, lakini mgeni hupimwa kwa hayo kabla ya pochi yake.

Ndani ya msitu

Mgeni asiingie peke yake. Njia za Isecheno huingiliana, miti hufanana, na baada ya kona nne mtu hajui jua liko wapi kwa sababu halionekani. Lakini sababu kubwa zaidi ya kumchukua mwongozaji ni kwamba bila yeye pesa ya kiingilio hununua kivuli tu. Waongozaji wa Isecheno ni vijana na watu wazima waliozaliwa vijiji vya ukingoni. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi yao walianzisha Programu ya Elimu ya Mazingira ya Kakamega, inayojulikana kwa kifupi KEEP, wakitaka watoto wa vijiji hivyo wafundishwe kuhusu msitu ambao wazazi wao walijua zaidi kama mahali pa kuni. Anayetembea nao anatembea na watu wenye sababu yao ya kuwa pale.

Kuna jambo moja la kuomba mapema: mwendo wa polepole. Mwongozaji aliyezoea wageni wenye haraka atapanga kilomita nyingi. Mgeni aseme wazi kwamba anataka njia fupi, labda ile ya Pump House ambayo wapenda ndege huipenda, na muda wa kusimama.

Kwa anayesimama, kima huja wenyewe. Kima wa Isecheno wenye manyoya ya kijivu yanayoelekea buluu ni miongoni mwa kima wanaojulikana vizuri zaidi kisayansi barani Afrika, kwa sababu mtafiti Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza kuwafuatilia hapa mwaka 1979, na kazi hiyo ikaendelea kwa miongo. Watafiti na wasaidizi wao wenyeji waliwajua kima mmoja mmoja kwa sura. Kundi huwa la majike na watoto wao, kwa kawaida pamoja na dume mmoja mkubwa. Jike hubaki katika kundi alimozaliwa. Dume akikomaa huondoka.

Cords alichunguza pia urafiki wa makabila mawili: kima hao na kima wenye mkia mwekundu, ambao pua yao ina doa jeupe kama moyo. Mara nyingi husafiri na kula pamoja. Hilo lina faida kwa mtazamaji. Akiona kima wa kijivu, asishushe macho haraka. Atafute mkia wa rangi ya kutu tawi la pili. Mbega, mwenye joho jeupe mabegani, ni mtulivu zaidi, na hukaa juu kabisa akila majani. Mtu asimlishe yeyote kati yao, hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na siku moja hupigwa mawe na mwenye shamba.

Ndege wamezidi spishi 300. Wapo hondohondo weusi na weupe ambao mabawa yao husikika yakivuma kabla hawajaonekana. Kasuku wa kijivu, yule anayeuzwa katika vizimba duniani kote, aliishi hapa kwa wingi zamani. Leo kumwona ni bahati kubwa. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini wa aina hiyo ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 2016.

Mtini unaonyonga ndio wa kutazamwa kwa karibu kuliko yote. Ndege humeza tunda lake, akaiacha mbegu juu katika uma wa mti mwingine. Mbegu huota huko huko hewani. Mizizi hushuka taratibu kama kamba ikilizunguka shina la mwenyeji, hugusa ardhi, hunenepa, hukutana na kushikana. Miaka mingi baadaye mwenyeji hufa na kuoza, na mtini hubaki umesimama ukiwa na uwazi katikati. Mwongozaji akimwambia mgeni aingize kichwa humo na kutazama juu, aingize. Ataona kuta za mizizi iliyosukwa kama tenga, na mwanga mdogo mwishoni kabisa.

Mti mwingine wa kuulizia ni mwiritsa. Gome lake hutengenezewa dawa za matatizo ya tezi dume zinazouzwa Ulaya, na kwa sababu ya kubanduliwa ovyo Afrika nzima, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995. Mgeni akiona shina lenye kovu la kubanduliwa, anajua kovu hilo limetokana na nini. Mwenye baba au mjomba aliyewahi kutibiwa tezi dume ataugusa mti huo kwa mkono tofauti.

Nyoka wapo, wakiwemo bafe wakubwa wa msituni wenye rangi za majani makavu. Kuumwa si jambo la kawaida kwa anayebaki njiani, anayetazama anapokanyaga na asiyeingiza mkono asipopaona. Mwongozaji atembee mbele. Anayehitaji kujisaidia amwambie, asijitenge kichakani.

Kilima cha Lirhanda

Wenye miguu mizuri huunganisha msitu na kilima cha Lirhanda, ambacho kwa kwenda na kurudi huhitaji saa kadhaa kwa miguu kutoka kituoni. Ndipo mahali pekee katika siku nzima ambapo mgeni huuona msitu wote kwa mara moja. Chini yake ni zulia la vilele vya miti, mashariki kuta za nchi ya Wanandi, na siku isiyo na ukungu Mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini magharibi. Ukingo wa msitu huonekana umekatwa kama kwa kisu: hapa mti, hapa hindi. Sehemu za ukingo huo zimewekewa chai ya shirika la Nyayo, lililoundwa miaka ya 1980 ili mistari ya chai iwe ukuta kati ya watu na misitu ya serikali.

Ubavuni mwa kilima kuna shimo la mgodi wa zamani wa dhahabu, na hapo ndipo historia inapostahili dakika kumi. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na wachimbaji wa kigeni wakamiminika. Sheria ya ardhi iliyokuwa imepitishwa muda mfupi kabla, mwaka 1930, iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao daima, na ikichukuliwa itafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 ikarekebishwa ili ardhi ya madini ichukuliwe bila sharti hilo. Wazee wa Kavirondo, kama eneo lilivyoitwa wakati huo, waliona ahadi ikivunjwa kabla wino haujakauka. Mtaa wa Rosterman mjini Kakamega bado unabeba jina la mgodi mkubwa wa enzi hizo. Mgeni anayepita Rosterman kila siku akienda kazini ataelewa jina la mtaa wake akiwa amesimama Lirhanda.

Shimo lenyewe litazamwe kutoka mlangoni. Ndani wanaishi popo. Wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, homa ya kuua inayohusishwa na popo, waliougua nchini Kenya mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, lenye popo wengi. Hakuna picha ya simu inayostahili kuhatarisha maisha kiasi hicho.

Chakula, mukombero na watu wa ukingoni

Anayetaka kula Isecheno yenyewe aagize asubuhi anapofika, maana kuku hapikwi kwa dakika kumi. Vinginevyo, vibanda vya Shinyalu na Khayega vitamtosha. Cha kuomba ni busuma, yaani ugali, pamoja na ingokho, kuku wa kienyeji, au mboga za asili kama mrenda, kunde na saga. Kuku kwa Waluhya ni heshima ya mgeni; anayekaribishwa nyumbani kwa mtu na kuchinjiwa asiharakishe kuondoka.

Kabla ya kurudi, anunue mukombero. Ni mzizi wa mmea unaotambaa, na huuzwa vifungu vifungu barabarani kote Kakamega. Wauzaji huunadi kwa utani kwa wanaume, lakini wanawake na wazee hutafuna pia. Mwanzoni una uchungu kidogo, kisha utamu wenye harufu ya vanila hubaki ulimini hata baada ya kunywa maji. Ulikuwa ukichimbwa msituni kiasi cha kuanza kuadimika. Ndiyo maana mgeni akikutana na wakulima wa Kikundi cha Uhifadhi cha Muliru, jirani na msitu, asikilize hadithi yao. Walianza kupanda mmea mwingine wa dawa mashambani mwao, mwonyi, jamaa ya mrehani, wakakamua mafuta yake na kutengeneza marhamu ya mafua na maumivu iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator, inayotolewa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kopo moja la marhamu hiyo ni zawadi bora ya kupeleka Mbeya au Goma kuliko kinyago kilichochongwa Nairobi.

Njiani mgeni atakutana na wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani. Asiwapige picha bila kuomba. Kuni ndizo zinazopika katika vijiji vya hapa, na kuziokota kuna masharti na malipo yake. Wapo wanaoutunza msitu kupitia vyama vya jamii vinavyoshirikiana na KFS, na wapo wanaokamatwa wakikata usiku. Mara nyingine ni watu wa boma moja. Mgeni wa siku moja si hakimu wao. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha pesa yake inabaki hapa: amlipe mwongozaji wa hapa, ale hapa, anunue ndizi na mukombero hapa. Kijiji kikiona msitu uliosimama unaleta chakula, hoja ya msumeno hupungua nguvu.

Kurudi

Saa nane mchana bodaboda awe amefika. Mawingu kutoka upande wa Ziwa Victoria hayapigi hodi, na barabara ya udongo ikilowa huteleza. Muda ukibaki, kituo kimoja kifupi kinatosha: Ilesi, kwenye barabara kuu, ambako wafinyanzi huuza vyungu kando ya njia, na jiwe linalolia liko hapo hapo. Chungu kidogo cha Ilesi huingia kwenye begi la mgongoni kikifungwa kwa fulana.

Anayeweza kuongeza usiku mmoja, aongeze. Isecheno kuna vibanda vya kulala na nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na mbele kidogo kuna kituo cha mapumziko cha Rondo, chenye bustani na bei ya juu zaidi. Usiku, akiwa na mwongozaji na tochi, mgeni anaweza kumwona poto, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, jamaa ya komba, anayetembea taratibu tawini. Alfajiri mbega huunguruma kwa pamoja, sauti inayosikika kilomita nzima.

Wanaoishi Kakamega, Kisumu, Eldoret au Bungoma kwa kazi, masomo au biashara wasingoje mwezi wa mwisho wa mkataba, wakati kila Jumamosi ni ya kufunga mizigo. Wachague tarehe sasa, wamwalike mwenzao mmoja anayeishi ugenini kama wao ili wagawane ada ya mwongozaji, na wapige simu kuulizia kiingilio. Gari la kwanza la Shinyalu huondoka Kakamega kabla jua halijachomoza.